Fahali Asiyetaka Vita: Je, Baine Bloodhoof ni Shujaa?

Kuna swali ambalo wachezaji wa World of Warcraft hawajamaliza kuligombania: Baine Bloodhoof ni shujaa, au ni mtu mwema tu aliyekalia kiti kikubwa? Nimelisikia kwa namna nyingi. Wapo wanaomwita mwoga. Wapo wanaomwita msaliti. Wengine, na hili nadhani ndilo baya zaidi kwa mhusika yeyote, wanasema anachosha. Nimemfuata jamaa huyu kwa miaka, ndani ya gemu na ndani ya riwaya zake, na leo nataka nimsome kama tunavyowasoma wahusika wengine: anafanya nini, anakifanya lini, na gharama yake inalipwa na nani.

Kwa ambaye hajawahi kuigusa gemu hii, maelezo kidogo. World of Warcraft ilitolewa na kampuni ya Blizzard mwaka 2004. Dunia yake inaitwa Azeroth, na watu wake wamegawanyika pande mbili. Alliance ni wanadamu na wenzao. Horde ni Waorki, wafu waliofufuliwa, na Watauren, watu wenye vichwa vya fahali, pembe na kwato. Watauren wanaishi kwenye mbuga za Mulgore, na mji wao mkuu, Thunder Bluff, umejengwa juu ya vilima vyenye kuta wima, kiasi kwamba unapanda kwa lifti. Baine ni mtoto wa chifu wao mzee, Cairne, na baada ya Cairne kufa ndiye aliyerithi uongozi. Kati ya viongozi wote wa Horde, yeye ndiye anayerudia mara nyingi zaidi kwamba vita na Alliance si lazima.

Sasa angalia anavyoingia kwenye hadithi. Katika Warcraft III: The Frozen Throne ya mwaka 2003, Baine ametekwa na centaur, wale nusu mtu nusu farasi, na baba yake amevunjika moyo. Anayekwenda kumtoa ni Rexxar, yaani wewe mchezaji. Ruka hadi mwaka 2019: Baine amefungwa chini ya mji wa Orgrimmar, na wanaokwenda kumtoa ni Thrall, Saurfang, na wewe. Mwaka 2020, katika Shadowlands, anatekwa tena, anapelekwa kwenye kuzimu inayoitwa Maw, na wewe tena unapanda mnara wa Torghast kumtafuta. Mara tatu mtu mmoja, mara tatu minyororo. Ukimjua Baine kwa njia ya gemu peke yake, utamkumbuka kama mzigo wa kubebwa.

Kufungwa peke yake hakumwondolei mtu ushujaa. Sisi wasomaji wa Kiswahili tunalijua hilo vizuri kuliko wengi, maana Fumo Liyongo naye alifungwa. Lakini Liyongo akiwa gerezani anatunga wimbo, wimbo unabeba ujumbe hadi kwa mama yake, mama anaoka mkate na kuficha tupa ndani yake, na watu wakiwa wanaimba gungu huko nje yeye anakata pingu. Yuko kifungoni lakini ndiye anayeendesha hadithi. Baine akiwa Orgrimmar hatungi kitu, hapangi kitu, hakati kitu. Anasubiri. Kwa hiyo swali langu la kwanza ni kwa waandishi wake: mbona mlimnyima hata tupa?

Jibu linaanza kuonekana ukifungua riwaya. The Shattering ya Christie Golden, iliyotoka mwaka 2010, ndiyo inayosimulia kifo cha Cairne. Mzee anampinga Garrosh Hellscream, kiongozi mpya wa Horde mwenye kiu ya vita, wanakutana katika mak'gora, pambano la watu wawili, na Cairne anauawa. Kumbe silaha ya Garrosh ilipakwa sumu na Magatha, mama mmoja mwenye uchu wa madaraka, bila Garrosh mwenyewe kujua. Usiku uleule watu wa Magatha wanavamia Thunder Bluff na Baine anakimbia kuokoa roho yake. Anakwenda wapi? Kwa adui. Anakwenda Theramore kwa Jaina Proudmoore, mwanamke wa Alliance, na huko anakutana na Anduin, mtoto wa mfalme, ambaye anampa rungu lake, Fearbreaker. Jaina anamsaidia kwa siri. Baine anaukomboa mji wake, anamkamata Magatha, na hamuui. Anamfukuza. Halafu anarudi kumtumikia Garrosh, mtu ambaye mkono wake ndio uliomwangusha baba yake, kwa sababu anaona Watauren hawawezi kuishi peke yao nje ya Horde.

Huyo ni mhusika mzito. Ana hasira halali, ana fursa ya kulipiza, na anaamua mara mbili kutofanya hivyo, kila mara kwa sababu tofauti. Kwa Magatha ni rehema. Kwa Garrosh ni hesabu ya kiongozi mwenye watu wa kulisha na kulinda. Lakini mchezaji wa gemu haya yote hakuyaona. Sasisho la Cataclysm lilipofika mwaka huohuo, wewe ulipanda lifti kama kawaida, ukamkuta Baine amesimama pale alipokuwa akisimama mzee. Basi. Kifo, mapinduzi, kukimbia, msamaha, vyote vilibaki kwenye kitabu kinachouzwa mbali na gemu.

Riwaya ninayoipenda zaidi ni War Crimes ya mwaka 2014. Garrosh amekwishaangushwa na anafikishwa mbele ya mahakama huko Pandaria. Mwendesha mashtaka ni Tyrande Whisperwind. Na anayepewa kazi ya kumtetea mshtakiwa ni Baine. Fikiria kidogo. Mtoto wa marehemu anasimama mahakamani kumtetea aliyemuua baba yake, mbele ya watu wa pande zote mbili wanaomtaka mshtakiwa anyongwe jana.

Nimeripoti habari za mahakamani kwa muda, na naweza kusema hivi: wakili wa utetezi katika kesi ambayo mtaa mzima umeshaihukumu ni mtu mpweke sana. Watu wanamwangalia mlangoni kana kwamba yeye ndiye aliyeshika panga. Baine anaibeba kazi ile na anaifanya kwa dhati, hafanyi maigizo. Anauliza maswali yanayowachoma hata wa upande wake, kwa sababu anaamini kwamba hukumu isiyosikiliza ni kisasi kilichovaa joho. Sijaona tendo jingine katika hadithi zote za Warcraft linalohitaji moyo kama huo, na halina hata pigo moja la rungu. Kama nikiulizwa nionyeshe ukurasa mmoja wa kuthibitisha kuwa mpenda amani anaweza kuwa shujaa, nitaonyesha pale.

Lakini kesi yangu haiwezi kuwa nyepesi hivyo. Kuna Theramore.

Katika Tides of War ya mwaka 2012, Garrosh anapanga kuushambulia mji wa Jaina, mji uleule uliompokea Baine alipokuwa mkimbizi. Baine anapinga kwenye baraza, hasikilizwi. Anatuma mjumbe kwa siri kumwonya Jaina. Jaina anaomba msaada, na majenerali wakubwa wa Alliance wanakusanyika Theramore kuulinda mji. Tatizo ni kwamba Garrosh alitaka wakusanyike. Anawaacha wajae, kisha anadondosha bomu la nguvu za kichawi, na mji unafutika. Jaina ananusurika kwa sababu mchawi Rhonin anamsukumia nje ya mlipuko na kufa yeye. Baada ya hapo Jaina mpatanishi, aliyekuwa rafiki wa amani kuliko wote upande wa pili, anakuwa mtu mwingine kwa miaka mingi.

Hapa wanaomwita Baine msaliti wana hoja, na siwezi kuikwepa. Askari wa Horde waliopanda kuta za Theramore siku ile walikuta jeshi lililokwishaonywa, na aliyelionya alikuwa kiongozi wao mwenyewe, ambaye siku ya vita alisimama nao kwenye safu. Wangapi walianguka kwa sababu ya ule ujumbe? Na upande wa pili, wema wa Baine ulisaidia kuwakusanya watu mahali bomu lilipodondoka. Ni tendo jema lililozaa makaburi kila upande. Anayesema hiyo inamfuta kwenye orodha ya mashujaa ana haki ya kusema. Mimi namwona kinyume chake: fasihi yetu imejaa mashujaa ambao tendo lao jema linawageukia, na hilo ndilo linalowapa uzito. Kinachonisumbua ni kwamba waandishi hawakumruhusu Baine alikabili. Jaina anabeba Theramore usoni, hata nywele zake zinageuka nyeupe. Baine anaendelea na kazi. Hatumwoni akikaa na mama wa askari aliyekufa ukutani. Shujaa wa namna hii ushujaa wake uko kwenye kulala macho usiku baada ya tendo, na usiku huo hatuonyeshwi.

Kuna na Zelling. Nashangaa ni watu wachache sana wanaomtaja.

Tuko sasa katika Battle for Azeroth. Sylvanas, kiongozi wa Horde wa wakati huo, anamfufua Derek Proudmoore, kaka wa Jaina aliyekufa zamani, akitaka kumgeuza silaha dhidi ya familia yake mwenyewe. Baine anaona hili limepita mpaka. Anamtoa Derek na kumrudisha kwa dada yake, akijua ataadhibiwa. Kweli anakamatwa, na hapo ndipo anapowekwa chini ya Orgrimmar. Ni tendo safi, limelipwa na mtendaji, na hakuna mtu aliyeulizwa kubeba gharama isipokuwa yeye.

Isipokuwa Zelling. Thomas Zelling alikuwa mgonjwa wa Kul Tiras aliyekubali kufufuliwa baada ya kufa ili aendelee kuitunza familia yake, na familia ilipomwona katika umbo lile ikamkataa. Mtu aliyepoteza kila kitu mara mbili. Ndiye aliyemsaidia Baine kumtoa Derek. Baine, chifu, alifungwa. Zelling, ambaye hana kabila la kumtetea wala kiti kwenye baraza, akauawa. Wapiganapo tembo nyasi huumia, tunasema. Hapa hata tembo anapokataa kupigana, nyasi imeumia vilevile. Kisha jeshi zima la marafiki likaja kumtoa Baine, na gemu ikasonga mbele. Kama ushujaa ni kutenda haki ukijua hakuna atakayekuja kukuokoa, basi usiku ule shujaa alikuwa yule maiti, na Baine alikuwa wa pili.

Sasa linganisha na Saurfang. Mzee huyu wa Kiorki ndiye aliyeongoza kampeni ya kuuvamia mti wa Teldrassil mwaka 2018, kampeni iliyoishia kwa Sylvanas kuuchoma moto mti pamoja na raia waliokuwa ndani yake. Saurfang anajuta, anaasi, na mwaka 2019 anampa Sylvanas changamoto ya mak'gora mbele ya lango la Orgrimmar na kufa pale. Blizzard walimtengenezea filamu fupi moja baada ya nyingine, za kiwango cha juu kabisa, na wachezaji walilia. Mimi pia ziligusa. Lakini hebu tujiulize: aliyeongoza vita kisha akajuta alipewa muziki, mvua na kaburi la heshima. Aliyesema tangu mwanzo kwamba vita hivi havifai alipewa pingu. Tuna methali isemayo amani haiji ila kwa ncha ya upanga. Waandishi wa gemu hii wanaiamini kama imani ya dini.

Hata hivyo Teldrassil inamhukumu Baine pia, na hapa ndipo ninapoachana na mashabiki wake. Mti unaungua. Raia wanakufa. Chifu wa Watauren anahuzunika, ananung'unika, na anabaki. Hesabu ni ileile ya zamani, Watauren hawawezi kuishi peke yao. Mara ya kwanza, kwa Garrosh, hesabu ile ilikuwa busara ya kijana aliyeurudisha mji wake jana tu. Mara ya pili, baada ya moto ule, imeshakuwa mazoea.

Nimekulia Tanzania, nchi inayopenda kujiita kisiwa cha amani, na neno lenyewe nalipenda, sina ugomvi nalo. Ila katika kazi yangu nimeona linavyoweza kufanywa kizibo. Mhariri mmoja aliwahi kuniondolea aya tatu za habari iliyothibitishwa kila upande, na maelezo yake yalikuwa mafupi: "Ndugu yangu, tulinde amani." Hakuna aliyekuwa anatishia vita. Kulikuwa na mtu mmoja tu aliyedhulumiwa shamba lake, na aya zile tatu ndizo zilizokuwa zake. Tangu siku hiyo nikisikia kiongozi, wa kweli au wa kubuni, akisema anapenda amani, nauliza kwanza nani anatakiwa anyamaze ili amani hiyo ipatikane. Kwa Derek Proudmoore, Baine hakumnyamazisha mtu. Kwa Teldrassil alijinyamazisha mwenyewe, na waliokuwa ndani ya mti hawakupata msemaji upande wa Horde mpaka Saurfang alipochoka.

Kuna upande wa ufundi nao, na nadhani unaeleza nusu ya tatizo. Gemu hukufundisha thamani kwa vitenzi vyake. Unachoweza kukifanya kwa vidole vyako ndicho unachokiheshimu. Katika World of Warcraft unaweza kupiga, kuponya, kukusanya, kuuza, kuvua samaki. Huwezi kukataa amri, kupatanisha, wala kusimama upande wa utetezi. Hata kuzungumza kulifungwa: mtu wa Alliance akikuandikia wewe wa Horde, ulichokiona kwenye skrini kilikuwa herufi zisizo na maana, na yeye vivyo hivyo. Baine alihubiri maelewano katika dunia ambayo wachezaji wenyewe hawakuruhusiwa kuelewana. Anayemwona anachosha hana moyo mgumu. Gemu haikumpa njia ya kushiriki katika kile Baine anachokijua.

Hili linawezekana kufanywa vingine. Undertale ya Toby Fox, iliyotoka mwaka 2015, ilitengenezwa kwa bajeti ndogo mno ukilinganisha na Blizzard, na inakuruhusu kufika mwisho bila kuua kiumbe hata kimoja. Unapopambana na mtu unaweza kumsifia, kumtania, kumsikiliza, kumsamehe, na mara nyingi njia hiyo ni ngumu kuliko kumpiga. Ukimaliza hivyo unajua kwa mikono yako kwamba huruma ni kazi. Mpe Baine misheni moja tu ya namna hiyo, mpe mchezaji nafasi ya kumuuliza shahidi swali pale Pandaria, uone kama kuna atakayemwita mwoga tena.

Jambo la kuchekesha ni kwamba amani ya Baine ilikuja, na haikuja kwa mkono wake. Mwaka 2022 Blizzard waliruhusu wachezaji wa Horde na Alliance kuunda kundi moja na kuingia pamoja kwenye mapango na mapambano makubwa. Marafiki waliotengana kwa miaka kwa sababu mmoja alichagua ng'ombe na mwingine mwanadamu sasa wanacheza pamoja. Kilichoileta ni kubofya kitufe. Hakuna filamu fupi iliyomwonyesha chifu wa Mulgore akitazama jambo aliloliomba tangu mwaka 2010.

Kwa hiyo, shujaa au la? Hukumu yangu ninaitoa kwa tendo, siyo kwa mtu mzima mzima. Pale alipomwacha Magatha hai, pale aliposimama kumtetea Garrosh, na pale alipomrudisha Derek kwa dada yake, Baine ni shujaa, na mara ya pili kati ya hizo ni mkubwa kuliko yeyote katika Azeroth. Theramore ni shujaa aliyeshindwa, ambaye waandishi walimkimbia kabla hajatazama kilichotokea. Teldrassil hapana. Pale alikuwa mtawala anayelinda kiti na watu wake kwa kukaa kimya, na watawala wa aina hiyo tunao wa kutosha bila kuwatafuta kwenye kompyuta.

Anayetaka kumjua vizuri aanze na War Crimes, hata kama hajawahi kucheza. Na akifika kwenye habari za Derek, asimsahau Zelling.